Gitaa Lisilo na Karatasi

Kila kitu kilichopita mikononi mwake kilikuwa na karatasi. Karatasi ndogo, upana wa vidole vitatu, iliyobanwa kwa pini kwenye pembe ya kitambaa: jina la shule, saizi, idadi ya vipande. Sketi arobaini za shule hii, mashati sitini ya shule ile. Yeye hakushona, alikata tu. Alitandaza vitambaa tabaka juu ya tabaka kwenye meza ndefu kuliko chumba chake cha kulala, akalaza juu yake violezo vya karatasi ngumu alivyovichora mwenyewe, akazungushia chaki, kisha akaipitisha mashine ya kukatia polepole, macho yakiwa kwenye mstari. Sehemu ambazo mashine haikufika alimalizia kwa mkasi. Wenzake walimwita Mikasi, na jina likamganda mpaka nyumbani, hata mumewe akamwita hivyo mbele ya wageni.

Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na mitatu. Gumba lake la kulia lilikuwa na sugu ya umbo la kishikio. Jioni akivua viatu, miguu ilibaki na umbo la viatu. Uchovu wenyewe haukuwa wa kulalamikia. Ulikuwa kama mgeni aliyezoeleka, anayeingia bila hodi na kujua mwenyewe pa kukaa. Uliingilia nyayoni mnamo saa nane mchana, saa kumi ukawa umefika magotini, na alipotoka kazini ulikuwa umeshampanda mabegani, umening'iniza miguu.

Gitaa lilianza kwa ubao. Kiwandani ililetwa mashine mpya ndani ya sanduku la mbao nyeupe, nyepesi, na vijana wa kupakua wakalivunja, wakaziegemeza mbao ukutani zingoje kutupwa. Akipita kwenda kunawa, aliugonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole, bila sababu, kama mtu anavyogonga mlango wa jirani akijua hayupo. Ubao ukaitika. Sauti yake ilikaa hewani kidogo kabla ya kufifia. Akagonga wa pili; bubu. Akagonga wa tatu, ukaitika kwa sauti nzito zaidi. Jioni ile alirudi nyumbani na mbao mbili kwapani.

"Za nini hizo?" mumewe alimuuliza. Mumewe alikuwa fundi bomba. Alisema amestaafu, lakini kila bomba lilipopasuka mtaani watu walimkumbuka kabla hata ya kukumbuka kufunga maji.

"Sijui bado."

"Kuni?"

"Si kuni."

"Basi zilaze uvunguni zifikirie zinataka kuwa nini."

Zilikaa uvunguni mwezi mzima. Kisha siku moja alikwenda kuchukua redio yake kwa fundi redio, mzee mwenye kibanda jirani na kiwanda, aliyekuwa akipiga gitaa kwenye bendi ya dansi ujanani. Mezani kwake palikuwa na gitaa lililofunguliwa tumbo, linasubiri kubandikwa. Mikasi akachungulia ndani. Aliona mbavu nyembamba za mti zilizobandikwa upande wa ndani, kama fundi anavyotia kitambaa kigumu ndani ya kola isilale. Aliona ukingo ulivyoungwa kwa pindo la mti. Akacheka peke yake.

"Nini?" fundi redio akauliza.

"Kumbe ni nguo tu."

"Ukiweza kuivaa, niite."

Lakini alimwandikia vipimo vyote nyuma ya karatasi ya kalenda. Upana wa tumbo. Urefu wa nyuzi, sentimita sitini na tano, kuanzia kizingiti, kile kipande kidogo kinachokaa kichwani mwa shingo, mpaka daraja, kipande cha mti kinachobandikwa tumboni ambako nyuzi hukanyaga na kufungwa. Kisha, mmoja baada ya mwingine, umbali wa vile vichuma kumi na tisa vinavyolala shingoni kama ngazi.

"Vyote pima kutoka kizingitini," alimwambia. "Usipime kutoka kichuma hadi kichuma, utajikusanyia makosa."

"Fundi, mimi napima tangu wewe una nywele."

Hivyo ndivyo ilivyoanza: saa moja kila jioni kabla ya kupika, na Jumapili mchana, katika chumba cha nyuma kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa. Mbao za sanduku zikawa uso wa gitaa. Mgongo na mbao za ubavuni zilitoka kwenye mlango wa kabati la marehemu mama yake, mbao nyekundu nzuri, kitu pekee ambacho mchwa walikiacha. Tundu la ufunguo alilizibia kipande cha mti ule ule, kwa uangalifu, kama kiraka cha suruali ya mtu anayejiheshimu. Alichora violezo vya karatasi ngumu. Alibana pindo za ndani kwa vibanio vya nguo, thelathini na nane, mpaka gitaa likafanana na samaki mwenye miiba kila upande, na kwa siku nne nguo zao zikaanikwa bila vibanio, zikawa zinaokotwa uani kwa majirani.

Kukunja mbao za ubavu ndiko kulikomtoa jasho. Aliziloweka kwenye beseni, akazipitishia pasi, zikakataa. Mumewe ndiye aliyeleta kipande cha bomba nene, akakibana mezani na kukitia moto kwa ndani.

"Bomba hili limepitisha maji maisha yake yote," alisema, akiitazama mbao ikilegea na kuinama juu ya chuma. "Leo mke wangu analitia moto. Litatuona hatuna shukrani."

Kilichomchosha zaidi ya kazi yenyewe lilikuwa swali moja. Kila aliyeingia chumba kile alilileta. Gitaa la nani? Binti yake alilileta kwa simu.

"Mama, unamtengenezea nani?"

"Simtengenezei mtu."

"Unauza?"

"Hapana."

"Mama, unaumwa?"

Haumwi, alimwambia. Mengine angesemaje? Kwamba kwa miaka ishirini na mitatu hajawahi kushika kitu ambacho hakikuwa kimeshabanwa karatasi ya mtu mwingine kabla hakijawa kitu? Kwamba hata nyumbani, pazia lilikuwa la dirisha, shuka la kitanda, gauni la binti? Alitaka kukiona kitu ambacho hakuna anayekisubiri. Alitaka kukimaliza, kikiwa kizima na sauti yake iko sawa, kabla mtu hajakiwekea karatasi. Hilo tu. Likisemwa kwa sauti lilikuwa dogo mno, ndiyo maana hakulisema.

Kazi ilipofika mwezi wa kumi na nne, dada yake mkubwa alianguka akaumia nyonga. Mpwa wake alipiga simu: hospitali wamemruhusu, lakini yeye anakaa ghorofa ya tatu, na ngazi zile mama hataziweza. Mikasi hakumwacha amalize kuomba. Dada yule ndiye aliyemlea baada ya wazazi, ndiye aliyempeleka kujifunza ushonaji, ndiye aliyemshika mkono siku ya kwanza mpaka kwenye cherehani. Chumba cha nyuma kipo, alisema. Aje Jumapili.

Alipokata simu alikwenda kukitazama chumba hicho. Unga wa mbao kitandani. Randa dirishani. Gitaa juu ya meza, limekamilika kila kitu isipokuwa daraja na nyuzi. Siku sita.

Jioni ile ile alibandika daraja. Alipotafuta futi yake ya kitambaa, ile inayoshinda shingoni mwake siku nzima, alikumbuka ameiacha kazini, juu ya meza. Alikuwa amechoka mno kungoja kesho. Akachukua futi ya chuma ya mumewe kwenye msumari wake nyuma ya mlango, akapima sentimita sitini na tano kutoka kizingitini, akatia alama, akapaka gundi, akabana. Halikumpitia wazo lolote. Futi ni futi.

Jumatano alifunga nyuzi. Alhamisi, wakati wa kula mchana, alilifunga gitaa kwenye shuka na kulipeleka kwa fundi redio. Mzee alifuta mikono, akalipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga wa watu, akaligonga mgongoni, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akalirekebisha nyuzi moja moja. Zikiwa wazi, bila kubonyezwa, zilitoa sauti pana, tulivu, na uso wa mzee ukapungua miaka kumi. Kisha vidole vyake vikaanza kupanda shingo. Alipofika katikati, alipunguza mwendo. Alipofika juu, alisimama.

"Linapanda," alisema.

"Linapanda vipi?"

"Chini liko sawa. Ukija huku juu sauti inapanda kupita inapotakiwa. Kama mtu aliyevaa viatu vidogo, anatembelea ncha za vidole. Sikiliza." Akagusa uzi katikati kwa ncha ya kidole tu, bila kuubonyeza, akaupiga. Kisha akaubonyeza pale pale, kwenye kichuma cha kumi na mbili, akaupiga tena. "Sauti hizi mbili zilitakiwa kuwa moja. Hapa ni nusu ya safari ya uzi. Ama daraja halipo mahali pake au vichuma. Ulipima vizuri?"

"Nilipima."

Mzee akamrudishia, taratibu. "Litundike ukutani, mama. Limependeza. La kwanza huwa hivyo."

Mchana wote alikata kaptura, mia moja na ishirini. Nyumbani alikaa kitandani kwenye chumba cha nyuma, gitaa mapajani, akaivua futi shingoni akaitandaza juu ya nyuzi. Kutoka kizingitini hadi kichuma cha kumi na mbili: thelathini na mbili na nusu, sawasawa na karatasi ya kalenda. Kutoka kizingitini hadi darajani: sitini na nne na kidogo. Akapima tena. Sitini na nne na kidogo.

"Njoo," alimwita mumewe. "Na uje na futi yako."

Wakazilaza futi mbili kitandani, ubavu kwa ubavu, sifuri kwa sifuri. Kwenye kumi zilikuwa karibu pamoja. Kwenye thelathini, ile ya kitambaa ilikuwa imetangulia unene wa njiti ya kiberiti. Kwenye sitini na tano ilikuwa imetangulia nusu sentimita na zaidi, na mwisho wa safari, kwenye mia na hamsini, iliipita ya chuma kwa upana wa kidole gumba.

Mumewe akainama, akaangalia, akainuka akiwa ameshika kiuno. "Imechoka futi yako."

"Imerefuka."

"Hata mimi ningening'inizwa shingoni mwako miaka ishirini na mitatu, kila siku navutwa, ningerefuka."

Hakucheka. Alikuwa akifikiria violezo. Vyote alivichora yeye, kwa futi ile ile, na kila mwaka alipovichora upya futi ilikuwa imejivuta kidogo zaidi. Wazazi walisema nguo za kiwanda kile hazibani. Msimamizi alimsifia mkono wake mbele ya wenzake. Mkono. Kumbe ni uzi wa kitambaa uliokuwa ukilegea polepole shingoni mwake.

"Kwa hiyo watoto wote wale," alisema.

"Walipata nafasi ya kupumua," mumewe akajibu. "Hakuna atakayekuja kukushitaki."

Sasa kosa lilikuwa wazi. Vichuma vya shingoni vimepimwa kwa futi iliyochoka, daraja kwa futi nzima. Shingo ilikuwa ndefu kuliko tumbo lilivyoambiwa. Kuvihamisha vichuma kumi na tisa hakuwezekani; shingo ingekuwa makovu matupu. Ilibaki daraja: libanduliwe, lirudishwe nyuma kwa nusu sentimita na kitu. Lakini lilikuwa limebandikwa kwa gundi juu ya mbao aliyoikwangua mwenyewe mpaka ikawa nyembamba kuliko kifuniko cha daftari. Ikivutwa vibaya, uso wote utachanika, na miezi kumi na nne itakuwa kuni kweli. Au aliache hivyo, alitundike ukutani, limependeza. Alipanga kulibandua Jumamosi mchana, akitoka kazini, siku moja kabla dada hajafika. Kama ni kulipasua, alipasue bila mtu wa kutazama.

Jumamosi alipofika nyumbani, gongo la dada yake lilikuwa limeegemezwa mlangoni. Mpwa alikuwa amepata gari la kuazima siku ile, si kesho yake. Mumewe alishatandika kitanda, ameufagia unga wa mbao, na dada alikuwa ameketi amekunja uso, mguu mmoja juu ya mto, gitaa mezani karibu naye.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hili la nani?"

"Umesafiri salama?"

"Nimesafiri. Hili la nani?"

"La hapa nyumbani."

Dada alikuwa ameshalichukua. Akaligeuza. Kidole chake kikatembea mgongoni, kikafika kwenye kile kiraka cha tundu la ufunguo, kikasimama.

"Hili kabati la mama."

"Mchwa walilimaliza, dada. Nilichukua kilichobaki."

"Mlango wa kulia. Wa kushoto haukuwa na tundu." Akakisugua kiraka. "Hapa ndipo nilipokuwa nachungulia kuona alikoficha sukari." Akalilaza gitaa mapajani, akalipiga kofi dogo la kirafiki. "Limetoka vizuri. Mjukuu wangu anasumbua anataka gitaa, huko shuleni wanafundishwa. Akija likizo atalichukua."

Alilisema kama mtu anavyotundika koti kwenye msumari aliouzoea. Na Mikasi alijua kwamba mdomo wake mwenyewe ulikuwa umeanza kufunguka useme sawa, kwa sababu kwa maisha yake yote, mbele ya dada huyu, ulifunguka hivyo.

"Halijaisha," alisema.

"Lina nini? Naliona zima."

"Daraja limekosewa. Inabidi nilifumue."

Neno hilo dada alilijua. Yeye ndiye aliyemfundisha. Mikasi alikuwa na miaka kumi na tatu, ameshona mkono wa gauni ndani nje, amejificha chooni analia, na dada akamfuata na wembe, akamkalisha chini, akamwambia afumue mshono wote, kitambaa kisichubuke hata uzi mmoja. Ilimchukua siku mbili.

"Basi fumua," dada akasema.

"Utalalaje na mvuke humu?"

"Nimelala wiki tatu. Nimechoka kulala. Fumua nikuone kama hujasahau."

Aliiwasha pasi. Alilowesha kitambaa cha pamba, akakikunja mara nne, akakilaza juu ya daraja, akaishusha ncha ya pasi taratibu. Mvuke ukapanda na harufu ya gundi. Mumewe alilishika gitaa kwa mikono miwili, ameuma mdomo kama anashika bomba lenye presha. Baada ya dakika chache Mikasi alichukua kisu cha mezani alichokisugua mpaka kikawa chembamba, akakiingiza pembeni, chini ya daraja, kwa kina cha ukucha. Akarudisha pasi. Akasubiri. Akasukuma tena.

"Usivute," dada akasema kutoka kitandani.

"Sivuti."

"Nakuona bega. Unataka kuvuta. Ngoja uzi ulegee wenyewe."

"Dada, hapa hapana uzi."

"Upo. Huuoni tu."

Upande wa kushoto ulikubali. Upande wa kulia, kisu kikiwa katikati, kulisikika mlio mdogo, mkavu. Mikasi akatoa kisu. Pembeni ya daraja, ubanzi wa mbao nyeupe ulikuwa umenyanyuka, urefu wa punje ya mchele.

Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Shemeji, limepasuka?" dada akamuuliza fundi bomba.

"Ubanzi tu, shemeji. Mimi nimeona mabomba yaliyovuja zaidi ya hapo."

"Mdogo wangu," dada akasema, kwa sauti ya chini kuliko ile ya mwanzo, "ukifika pagumu unafanyaje?"

"Nageuza nguo. Naanzia upande wa pili."

"Sasa?"

Akainuka. Akaligeuza gitaa, akaanzia upande wa pili. Kitambaa, pasi, mvuke, kisu. Mara ngapi, hakuhesabu. Jua lilikuwa limehama dirishani likafika kwenye miguu ya meza wakati daraja lilipoachia, polepole, kwa mlio laini kama shati lenye jasho linapobanduka mgongoni. Uso wa gitaa ulibaki mzima. Palikuwa na doa jeupe, lililokwaruzika, na kile kijishimo cha punje ya mchele.

Mumewe akamnyooshea futi ya chuma. "Safari hii tumia ya kweli."

"Hapana." Akaivua yake shingoni. "Shingo ilipimwa kwa hii. Haijui futi yako."

Akapima sitini na tano kwa futi iliyochoka. Akatia alama kwa chaki, akapaka gundi, akabana daraja kwa vibanio vya chuma vya fundi bomba. Mbele ya daraja ukabaki mstari mweupe, mwembamba, kama ule unaobaki kwenye sketi iliyoshushwa pindo mtoto akirefuka. Hakuuficha. Mstari wa namna ile hautoki hata kwa kufua.

Jumapili gundi ilikauka na yeye alilala kitini, mdomo wazi, mpaka dada akaomba atupiwe kanga asipate baridi. Jumatatu alikwenda kazini. Msimamizi alikuwa amemwekea mezani futi mpya, ya njano, inayong'aa. Zilikuwa zimegawiwa kwa kila mtu. Aliitazama. Alibandua karatasi ya kwanza ya siku: sketi za darasa la kwanza, themanini. Akaikunja futi mpya akaiweka kwenye droo, akachora kwa ile ya zamani. Watoto wa darasa la kwanza wanakua haraka.

Jioni alifunga nyuzi, ameketi kwenye kiti karibu na kitanda, dada akimtazama. Alifanya kama fundi redio alivyomwonyesha: kugusa katikati bila kubonyeza, kisha kubonyeza. Uzi mnene, sauti mbili zikawa moja. Wa pili, moja. Wa tatu, wa nne, wa tano. Uzi mwembamba kuliko yote ulitofautiana kidogo sana, kama mtu aliyeitwa akachelewa kuitika. Akajaribu tena. Vilevile. Akauacha. Nguvu za kuutafuta hakuwa nazo, na sikio lake lilikuwa limeshauzoea.

"Sasa limeisha," dada akasema.

"Limeisha."

"Nimpigie mjukuu nimwambie?"

Mikasi aliangalia mikono yake. Sugu ya gumba ilikuwa imepata unga wa chaki ndani yake.

"Dada, kazini kila kitu kina karatasi. Kabla sijakikata, kimeshaandikwa ni cha nani. Miaka yote hiyo. Hili ndilo la kwanza halina."

Dada aliunyoosha mguu, akakunja uso kwa maumivu, akaukunjua.

"Kwa hiyo halina mwenyewe."

"Lina. Mwenyewe nipo."

Jikoni mumewe alikuwa anafungua maji na kuyafunga, anayafungua na kuyafunga, kusikiliza bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Nitamwambia amuulize baba yake," dada akasema mwishoni. "Baba yake ana kazi." Kisha akaongeza, "Na wewe mwenyewe unajua kupiga?"

"Sijui."

"Utajifunza lini? Nimekuona siku mbili hizi. Unaingia hapo mlangoni kama mtu aliyebeba gunia."

"Nitajifunza hivyo hivyo nimechoka."

"Na chumba ndiyo hiki nimeshakichukua."

"Ndiyo hiki."

Mikasi aliupiga uzi mnene mara moja. Ukaitika, ukakaa hewani, ukafifia. Akaupiga tena. Na tena.

"Huo ndio wimbo?" dada akauliza.

"Ndivyo unavyoanza."

"Mikasi," mumewe akaita kutoka jikoni, "hilo ni bomba au ni wewe?"

"Ni mimi."

Kiti kilikuwa kigumu na mgongo ulikuwa unamuuma, na futi ilikuwa bado shingoni. Alikuwa amesahau kuivua. Dada alimtazama alivyojipinda. Kisha akaushika mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akausogeza ukutani, taratibu, kidogo kidogo, mpaka ukingo wa kitanda ukapata nafasi ya mtu kukaa.